Siku Dawa Ilipokataa Maji Joshoni

Wiki tatu zilizopita nilistaafu, nikarudisha funguo za stoo, kopo la kupimia dawa na makoti mawili meupe ambayo hayakuwahi kuwa meupe tangu wiki ya kwanza. Vijana wa kazi walinifanyia chai, wakanipa blanketi, wakaniomba hotuba. Hotuba hunishinda. Niliishia kusema asanteni na kuwakumbusha kwamba bomba la nyuma ya stoo linavuja. Basi naandika hapa nilichopaswa kusema siku ile, mkisome polepole mkiwa mmekaa. Sitawachosha na barua za kupandishwa cheo. Nyingine zilichelewa hata nikawa nimesahau niliomba nini.

Nataka kuwaambia habari za maji na mafuta. Najua mtacheka. Mzee ameogesha ng'ombe maisha yake yote, halafu anakuja na hadithi ya maji na mafuta! Lakini mpaka leo nikiona tone la mafuta ya taa likitanda juu ya beseni na kutoa rangi zote zile, huwa nasimama kuangalia. Mke wangu ananiita mara tatu kabla sijasikia. Nilianza hivyo siku yangu ya kwanza kazini na sijapona.

Nilifika Isiolo miaka ile ya vita vya Shifta, serikali ikipigana na waasi wa kaskazini, kijana wa Meru mwenye cheti kipya cha afya ya mifugo na viatu vilivyobana. Lori lililotuteremsha kutoka juu lilikuwa na askari wawili waliokalia magunia ya viazi, na abiria wenye miraa waliikumbatia kuliko walivyokumbatia mizigo mingine yote. Kwetu nilikuwa nimeacha ukungu. Huku chini jua lilinipiga kofi nikiwa bado sijashusha sanduku. Nilielekezwa joshoni, kwenye handaki la maji ya dawa wanamoogeshwa ng'ombe, mwendo wa nusu saa nje ya mji, nikamkuta mzee wa Kiturkana amekalia debe akinoa kisu. Huyo alikuwa Mzee Ekal, mtunza josho. Hakujua kusoma hata herufi moja, na yote ninayoyajua ya maana katika kazi hii alinifundisha yeye.

"Wewe ndiyo daktari wamenitumia?" aliniuliza bila kuinua macho.

"Mimi ni msaidizi tu, mzee."

"Vizuri. Daktari ya mwisho alijua kila kitu. Alikaa wiki mbili."

Hakunionyesha stoo wala choo. Alichota maji ya mto kwenye bakuli la bati, akadondosha tone la mafuta ya taa. Likatanda juu, likakaa huko. Akakoroga kwa kijiti. Likavunjika vitone vitone, kisha vitone vikatafutana na kuungana tena. "Hii imekataa," akasema. Akamwaga, akachota mengine, akafungua mkebe wa dawa ya kupe. Dawa yenyewe ilikuwa ya rangi ya asali, inanuka mafuta, inateleza vidoleni. Niliapa moyoni kwamba nayo itaelea. Ilipogusa maji, jamani! Ilifumuka ikawa wingu jeupe, likashuka mpaka chini, na kwa kukorogwa mara moja bakuli zima likawa maziwa. Nilipiga kelele. Mzee Ekal alitazama bakuli, akanitazama mimi, akaamua kwamba huenda nitafaa.

"Hii imekubali," akasema. "Ikikubali, ogesha. Ikikataa, funga mlango, enda nyumbani."

Nilimuuliza kwa nini mafuta haya yakubali na yale yakatae. Alinijibu kwamba ndani ya dawa wametia sabuni, na sabuni inajua lugha mbili. Miaka mingi baadaye nilipelekwa kozi, mwalimu akajaza ubao mzima kwa chaki kueleza jambo lile lile. Alisema maji yameundwa na chembe ndogo zenye pande mbili, na upande mmoja wa chembe huvutana na upande wa pili wa mwenzake, kwa hiyo yameshikana mikono wakati wote. Chumvi na sukari nazo zina pa kushikwa, ndiyo maana maji huzikaribisha zikapotea humo. Mafuta hayana mkono. Si kwamba maji yanayachukia, ila yanapendana yenyewe mno hata mafuta yanasukumwa nje. Sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, basi inalizunguka kila tone la mafuta na kulitembeza ndani ya maji. Nilikuwa karibu nisimame darasani niwaambie habari za Mzee Ekal.

Kazi yenyewe mnaijua, ila zamani ilikuwa na mambo yake. Josho likitulia, dawa hushuka chini na kukaa. Hatukuwa na mashine ya kukoroga. Tulikuwa na ng'ombe. Ishirini wa kwanza waliruka, wakaogelea, wakatoka upande wa pili, kisha wakarudishwa kuoga tena, kwa sababu mara ya kwanza walikuwa wanakoroga tu. Hao tuliwaita wakorogaji, na kila mwenye ng'ombe aliomba wake wasiwe humo.

Vita vilipozidi, watu wa Kiborana walikusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa miiba na kulindwa na askari. Mifugo iliyozoea kutembea siku nyingi kutafuta majani ikabanwa mahali pamoja, ng'ombe wakasuguana mbavu, na kupe wakapata sikukuu. Ng'ombe wengi walikufa. Kijiji cha upande wa Chechelesi kilipewa ruhusa ya kuleta ng'ombe joshoni kila Alhamisi asubuhi, wakisindikizwa na sajenti mmoja na askari wake, na saa sita juu ya alama wawe wamerudi. Ambaye hajaogesha arudi na kupe wake.

Alhamisi ninayotaka kuwaambia, Mzee Ekal alikuwa ameitwa kutengeneza lango la josho jingine, akaniachia kazi. Mara yangu ya kwanza peke yangu! Sikulala vizuri kwa furaha. Josho tulikuwa tumelimwaga na kulisafisha wiki ile, na kwa kuwa njia ya mtoni ilikuwa imefungwa kwa sababu ya usalama, lori la maji lilitujazia maji ya kisima kirefu. Yalikuwa maangavu kabisa. Yalikuwa pia na ladha ya kukunja uso, na ukiyachemsha yanaacha ukoko mweupe ndani ya sufuria. Mimi niliona uangavu tu.

Nilijaribu dawa kwenye bakuli kama nilivyofundishwa. Haikutoa wingu. Ilijikunja ikawa mabonge kama maziwa yaliyoharibika, na juu yake mafuta yakatanda yaking'aa. Ilikuwa imekataa, waziwazi, na mwenye macho haambiwi tazama. Lakini nje vumbi la ng'ombe lilikuwa limeshafika, sajenti alikuwa anaangalia saa, na mimi nilikuwa daktari wa siku moja. Nikajiambia bakuli ni dogo, halina nguvu; wakorogaji wataikoroga. Nikamimina mikebe yote joshoni.

Wa kwanza katika foleni alikuwa Mama Darmi, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye tumbaku shavuni. Zamani walikuwa na ng'ombe wasiohesabika upande wa Korbesa. Sasa alikuwa nao tisa. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na maziwa, jike la rangi ya udongo jina lake Magala.

"Salaam aleikum, daktari," akaniambia. "Leo pole pole na huyu. Binti yangu ni mgonjwa, maziwa yake imekauka. Mtoto yake anaishi na hii ng'ombe."

"Usiwe na wasiwasi, mama," nikasema, kwa sauti nene niliyoiazima kwa siku ile.

Magala akaruka. Akazama, akaibuka, akaogelea kupita katikati ya yale mafuta yaliyoelea, akatoka upande wa pili aking'aa mgongo mzima kama amepakwa samli. Nilijua hapo hapo. Maji yalikuwa yameyakataa mafuta, na ngozi ya ng'ombe yenye manyoya na jasho la mafuta ilikuwa imeyakubali yote. Dawa ya ng'ombe mia ilikuwa inaelea pale juu, na Magala alikuwa amebeba sehemu yake na ya wenzake. Nilipiga kelele lango lifungwe. Akaanza kutetemeka mapajani, kisha shingoni, mate yakimtoka, macho yamesimama.

Foleni nzima ikaanza kunguruma. Wazee walisema kile kilichokuwa kikisemwa kijijini kila siku, kwamba serikali sasa inaua ng'ombe kwa maji. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua Magala akifa hakuna atakayeleta ng'ombe tena, kupe watawamaliza waliobaki, na kabla ya hao wote kuna mtoto mmoja atakayelala njaa usiku ule.

Nikakimbia kuleta mche wa sabuni na ndoo, nikaanza kumsugua. Sabuni ikakataa! Haikutoa povu hata kidogo. Ikawa utando mchafu ulioganda mikononi mwangu, na mafuta yakabaki pale pale. Nilisugua nikilia.

Mama Darmi alinishika mkono. "Wewe, acha kupaka ng'ombe uchafu. Hii maji ni ya kisima?"

"Ndiyo, mama."

"Hii maji haijui sabuni. Hata nguo haifui. Lazima utie magadi kwanza. Huko Meru hamna mama?"

Akafungua pindo la nguo yake alipofunga tumbaku, akatoa kipande cha magadi anayoyatafuna pamoja na tumbaku, akakiponda kwa jiwe na kukitupa kwenye ndoo. Maji yale maangavu yakawa na ukungu mweupe, na ukungu ukaanza kushuka chini kidogo kidogo. Akachovya sabuni akasugua viganja. Povu! Povu jeupe lililopanda mpaka kwenye viwiko vyake! Leo naweza kuwaeleza kwamba maji ya kisima yamejaa chokaa, na chokaa hukamata kichwa cha sabuni kabla hakijafanya kazi yake, na magadi huikamata chokaa kwanza na kuiangusha chini. Wakati ule sikujua hayo. Nilijua tu kwamba stoo kulikuwa na nusu gunia la magadi ya kuchanganya na chumvi ya mifugo, na nililibeba mgongoni mbio kama halina uzito.

Tulimwosha Magala mara tano, mimi, Mama Darmi na askari mmoja aliyeweka bunduki chini bila kuomba ruhusa. Tulimweka kivulini. Kutetemeka kukapungua, kukarudi, kukapungua tena. Baada ya muda alinyanyua kichwa akanitazama kwa dharau niliyostahili.

Hapo ndipo wazo lilinipiga. Kama sabuni ya mche imepona, sabuni iliyo ndani ya dawa je? Nikachota maji ya magadi yaliyotulia, nikayatia bakulini, nikadondosha dawa. Wingu! Maziwa mpaka chini! Niliruka na bakuli mkononi, nikamwagia buti za sajenti, nikaeleza kwa Kiswahili, Kimeru na mikono kwamba nimepata, nimepata! Josho lile lisingefaa tena, lakini tulikuwa na pampu ya mkono. Ningeweza kumnyunyizia ng'ombe mmoja mmoja kutoka kwenye ndoo.

Hakuna aliyecheka wala kusogea. Mama Darmi alichukua bakuli kutoka mikononi mwangu.

"Asubuhi ulisema nisiwe na wasiwasi."

"Nilikosea, mama. Dawa ilikataa maji, niliona kwa macho yangu, nikaitia hivyo hivyo. Ni mimi."

Mama Darmi akaweka bakuli chini kwenye tambarare, akaketi mbele yake, akakunja miguu. "Sasa tutaona. Maziwa ikidanganya, siagi inapanda."

Na alingoja. Huyu alikuwa mtu aliyesukasuka maziwa tangu utotoni, ambaye anajua kwa kutazama tu lini mafuta yamechoka kukaa ndani ya maji na yanataka kutoka. Foleni nzima ilingoja nyuma yake. Sajenti alisema saa nne imepita, akasema tena kwamba saa nne na nusu imepita. Mama Darmi aliendelea kulitazama bakuli. Mimi nilichuchumaa upande wa pili wa bakuli, nikiomba kwa Mungu kwamba tone lolote lisipande. Halikupanda hata moja. Alichovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa, akakisuuza kwenye ndoo, na kidole kikatoka safi bila utelezi.

"Haya," akasema. "Leta pampu. Anza na ile nyeusi."

Nilinyunyizia wanane wake, kisha wengine wakasogea, na mpaka saa sita mkono wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na ng'ombe thelathini na kitu walikuwa wameoga. Waliobaki walisema watakuja Alhamisi nyingine na bakuli lao wenyewe la kujaribia dawa.

Mzee Ekal alirudi saa kumi. Nilimwona mbali, nikamkimbilia na kuanza kumweleza kabla hajateremka kwenye gari. Nilimwambia kosa langu, sikuficha, lakini nakiri furaha ilikuwa imenizidi, na nilitaka sana afike kwenye sehemu ya magadi. Nilichora mchangani. Nilimwonyesha bakuli. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekalia debe lake.

"Ng'ombe inaishi?"

"Anaishi, mzee! Alitembea mwenyewe kwenda nyumbani."

"Vizuri." Akatafuna kijiti. "Sasa wewe niambie. Dawa yako hapana penda maji. Inapenda mafuta. Imeingia ndani ya ngozi. Ndani ya ng'ombe, mafuta iko wapi?"

Kwenye maziwa. Dawa inayokimbia maji ingetafuta mafuta mwilini mwa Magala, na mafuta ya ng'ombe mwenye ndama hutoka kwenye chuchu jioni, yanaingia kwenye kibuyu, yanaingia kwa mtoto.

Sikumbuki kumuaga. Nilikimbia njia yote, viatu nimevishika mkononi, jua limeanza kulala, na geti la kijiji lilikuwa linafungwa jua likizama. Askari wa getini alitaka kibali. Nilimwambia kuna sumu ndani, na kwa namna nilivyokuwa nahema nadhani alifikiri nimeinywa mimi. Alinifungulia.

Mama Darmi alikuwa ameshakama. Alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa nyumba yake, kibuyu kati ya magoti, na mjukuu amemkalia pajani anashika ukingo wa kikombe kwa mikono miwili. Kikombe kilikuwa kimejaa.

"Mama, usimpe!"

Hakushtuka. Aliinua kikombe juu, mtoto asikifikie, akaniuliza nani amenituma. Nikamwambia hakuna, nimekuja mwenyewe. Nikamweleza yote, kwamba dawa inapenda mafuta, kwamba imeingia kwa Magala, kwamba kwenye maziwa siagi ndiyo itakayoibeba na jicho haliwezi kuiona. Mtoto alianza kulia akinyoosha mikono. Majirani wawili walisimama kusikiliza. Mama Darmi alitazama maziwa yale kwa muda mrefu. Kwa watu wa Kiborana maziwa hayamwagwi, hata tone likianguka mtu huinama, na hayo yalikuwa ndiyo chakula chote cha mtoto ndani ya nyumba ile.

"Asubuhi ulisema nisiwe na wasiwasi," akasema. "Mchana ukasema umekosea. Sasa unasema nimwage. Jirani ana mbuzi, naweza kuomba. Lakini niambie: siku ngapi?"

Nilikuwa na sauti yangu nene ya asubuhi, na nilikuwa na cheti. Ningeweza kusema tatu. Ningeweza kusema saba.

"Sijui, mama," nikasema. "Wallahi sijui. Nitauliza, lakini leo sijui."

Alinitazama usoni, kama alivyotazama lile bakuli, akingoja kama kuna kitu kitapanda. Kisha akainamisha kikombe, na baada yake kibuyu, na maziwa ya Magala yakaingia mchangani.